Cheti Kilichonikuta na Mvi

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti saa moja na nusu asubuhi katika karakana moja ya serikali mjini Singida, nimevaa gauni la kanisani na viatu vilivyonibana. Fundi Mkuu alivitazama viatu kwanza, kisha akanitazama usoni.

"Wewe ndiye binti aliyeletwa kutoka Unyambwa?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Hapa tunatengeneza mashine za chapa. Umewahi kuifungua hata moja?"

"Hapana, mzee."

"Afadhali. Hutakuwa na mabaya ya kusahau."

Akaniwekea mezani mashine iliyovuliwa kifuniko, akanikataza kushika bisibisi. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kubonyeza herufi moja moja na kutazama nini kinasogea. Hadi jioni nilikuwa nimegundua kwamba herufi ya "e" ni nzito kwa sababu vumbi na mafuta ya zamani vimegandana kwenye maungio yake. Nilipomwambia, hakunisifu. Alinipa mafuta ya taa na kitambaa. Nikajua nimeajiriwa.

Nilifanya kazi ya mashine za chapa kwa miaka mingi. Tulizunguka ofisi za mkoa mzima, nami nikapangiwa upande wa Mtinko, kusafisha springi na kubadilisha tepe za wino. Ilikuwa kazi ya mikono na masikio. Fundi mzuri aliweza kukaa nje ya mlango, akasikia karani anachapa, akajua kipuri gani kimelegea.

Halafu zikaja kompyuta. Ya kwanza niliyoiona ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ufunguo wa chumba chake alikaa nao mkubwa wa ofisi mwenyewe. Fundi Mkuu aliizunguka mara mbili, mikono nyuma. "Hii ni yenu vijana," akasema. "Mimi nitastaafu na springi zangu." Na kweli, haukupita muda akastaafu.

Mimi nilijifunza kwa kufungua. Nilijua pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, ndicho kinachokufa kwanza umeme wetu unapokatika na kurudi kwa nguvu. Nilijua kadi ya kumbukumbu ikishika vumbi mashine hulia mlio badala ya kuwaka, na kwamba kifutio cha penseli kinatosha kusugua meno yake mpaka yang'ae. Watu waliniita fundi, nami nikaliamini jina hilo kupita kiasi.

Niseme lile ambalo kwa miaka sikulisema. Shule moja ya sekondari, nisiyoitaja, iliniita kompyuta yao ilipogoma kuwaka. Sikuuliza kitu. Niliifuta yote, nikaweka programu upya, na kabla ya chai ya saa nne ikawa inawaka vizuri kuliko mwanzo. Mwalimu wa taaluma, mama mmoja mpole, akaketi, akatafuta, akatafuta tena. Akaniuliza, "Na alama za watoto ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye diski kuu, ile sehemu inayotunza kila kilichohifadhiwa, nami ndiye niliyeifuta. Walimu walikaa majuma mawili wakikusanya alama kutoka kwenye madaftari, na nyingine hazikupatikana kokote. Yule mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Nilirudi mjini, nikaandika kwenye ripoti, "Mashine imetengenezwa," nikanyamaza.

Miaka ikapita, ikaja zamu ya Mkuu mpya wa Kitengo chetu cha ufundi, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Asubuhi moja aliniita ofisini, akasimama nilipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bosi."

"Keti kwanza. Waraka umefika. Kila anayegusa kompyuta za ofisi lazima awe na cheti cha kitaaluma cha ufundi wa kompyuta na kuhudumia watumiaji. Tumepewa mwaka mmoja."

"Na asiye nacho?"

"Anahamishiwa masjala."

Masjala ni chumba cha majalada. Wanaofanya kazi humo ni watu wa heshima, lakini mimi niliona kama nazikwa ningali hai. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa natengeneza mashine wewe unajifunza kuandika jina lako."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuita mapema, na nakuambia mwenyewe."

Nilitoka bila kuaga. Siku ile nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Lakini hasira ilipotulia nilibaki na hofu, maana mtihani ulikuwa wa Kiingereza, unafanywa kwenye kompyuta, na saa inahesabu dakika kwenye kona ya skrini. Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma maandishi ya kwenye maboksi.

Aliyenisaidia ni Mzee Karim, mwenye duka la vipuri pale mjini. Babu yake alikuja Singida kutoka Gujarati, India, kuuza vitambaa, na yeye mwenyewe alikisema Kinyaturu cha kutaniana na wateja. Nilipomweleza shida yangu alinionyesha meza ya nyuma iliyojaa mashine mbovu.

"Dada, zote hizi ni zako. Ila mimi ni mteja, na mteja mwenyewe mjinga. Kila ukitengeneza, nieleze ulichofanya, na usinieleze kwa Kiswahili."

Basi kila nikitoka kazini nikawa napitia pale. Mara za kwanza nilisema maneno matatu nikakwama, naye anasubiri, amekunja mikono, kama mteja kweli. Nikikosea anatikisa kichwa. "Sijaelewa, dada. Kompyuta yangu bado imekufa." Tukacheka mpaka wateja halisi wakachungulia. Baada ya miezi kadhaa nikawa namweleza bila kukwama.

Nikaenda Dodoma kufanya mtihani. Nikafeli.

Karatasi ya matokeo haikusema tu kwamba nimefeli, ilionyesha pia wapi. Vipuri nilivijua karibu vyote. Nilianguka kwenye utaratibu wa kutafuta tatizo na kulinda taarifa za mtumiaji. Kila walipouliza hatua ya kwanza ni ipi, nilichagua kufungua mashine. Kumbe hatua ya kwanza ni kumuuliza mtu. Kabla ya kugusa chochote, unauliza kuna nini ndani na kama kina nakala mahali pengine. Na ukimaliza, unaandika ulichofanya, hata kama umeharibu. Njia nzima ya kurudi Singida nilihisi kana kwamba ile karatasi ilikuwa imeongea na yule mwalimu.

Kesho yake nilimpelekea Mkuu wa Kitengo matokeo, na kwa mara ya kwanza nikamsimulia habari ya ile shule. Alisikiliza mpaka mwisho. Niliingoja hukumu.

"Mama," akasema, "utarudia lini?"

Kabla sijarudia, nilitumwa kwenye zahanati moja upande wa Sekenke. Kule wachimbaji wadogo wanasaga mawe, na vumbi lake laini huingia hata chumba kilichofungwa kwa kitasa. Kompyuta ya zahanati ilikuwa inagonga ndani, tak, tak, tak. Muuguzi mfawidhi, mkubwa wa pale, alikuwa na foleni barazani na hakuwa na subira.

"Fundi, ifute tu uweke upya. Wa mwaka jana alifanya hivyo na ikapona."

Mkono wangu ulishafika kwenye mkoba. Nikauondoa.

"Dada, mle ndani kuna nini?"

"Wagonjwa wangu wote wa dawa za kila siku. Majina, dozi, tarehe za kurudi."

"Na kwenye karatasi?"

Akanionyesha dari. "Bati liling'oka na mvua. Makaratasi yote yakalowa."

Nikazima mashine. Nikaitoa diski kuu, nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa waya, nikaanza kunakili majina yale kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa inagonga, inasimama, inaendelea. Sikuthubutu hata kuegemea meza. Muuguzi alikuja mara ya kwanza kunihimiza, mara ya pili akasimama akitazama skrini, mara ya tatu akaleta kiti akaketi kando yangu. Adhuhuri orodha ikaisha, yote. Nilipojaribu kuisoma ile diski tena, haikugonga wala kuzunguka. Ilikuwa imekufa.

"Tungeifuta?" akauliza.

"Isingebaki hata dozi moja."

Alijifuta uso kwa kitenge, akaenda kuniletea ugali wa uwele na mlenda. Nilikula, nikaandika ripoti ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika.

Mara ya pili Dodoma, nilipobonyeza kumaliza, skrini ilikaa tupu kwa muda, kisha ikaniambia nimefaulu. Nililaza kichwa kwenye meza. Msimamizi akaja mbio, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Nimepona."

Nikampigia simu Mkuu wa Kitengo.

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa ya bosi, "barua yako ya masjala imo kwenye droo yangu tangu mwezi uliopita. Nilitakiwa niitie sahihi. Kila wakiniuliza nilikuwa nasema bado naipitia."

"Uliipitia mwezi mzima?"

"Ina mistari mitano, mama. Nimeikariri."

Tukacheka wote wawili, halafu mimi nikalia, na nadhani na yeye pia.

Nilifanya kazi na cheti kile hadi umri wa kustaafu. Sasa niko nyumbani Unyambwa, nalima alizeti. Vijana mnaosoma ufundi huniuliza kama cheti kina maana, maana mnaona wengi wasio nacho wanatengeneza. Nami nawajibu kama nilivyoyaona. Kushika bisibisi nilikuwa nakujua. Cheti kilinilazimisha kujua kwamba nyuma ya kila mashine amekaa mtu, na kwamba kosa lililoandikwa ni jepesi kubeba kuliko lililofichwa.

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa yangu ya kazi, nikaketi kitandani nikingoja ule mzigo wa kifuani nilioamka nao miaka mingi, ule wa kuhofia kwamba mahali fulani kuna mtu anatafuta kitu nilichomharibia. Haukuja. Mume wangu akaniuliza mbona nimekaa tu. Nikamwambia nasikiliza. Kisha nikachukua jembe, nikatoka.