Mkono Wangu Kwenye Mlima wa Pugu

Niliporudi Temeke na diploma yangu ya ufundi mitambo, baada ya miaka minne Ulaya, mtaa mzima hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuchora mashine kwenye karatasi kisha akaijenga. Nasema hivi bila haya. Baba yangu alikuwa mbeba mizigo bandarini. Sikubebwa na mjomba wala waziri. Shida ni kwamba mtu akishajua mengi hukosa wa kuzungumza naye. Jioni nilikaa barazani peke yangu na redio yangu, watu wakipita wananiita "Bwana Ulaya" na kwenda zao.

Aliyesimama kunijibu alikuwa mmoja tu, mchonga vinyago kutoka kusini, ambaye miguu yake ilipooza utotoni. Alitembea kwa mikono, viganja vimefungwa vipande vya matairi.

"Mtani," aliniambia siku ya kwanza, "hiyo diploma inapika ugali?"

"Inapika hata pilau."

"Basi nipikie miguu."

Nikamtengenezea baiskeli ya matairi matatu, ya kuzungushwa kwa mikono. Hapo ndipo tulipoanzisha chama chetu cha walemavu, watu wawili na muhuri mmoja wa mpira. Tulitaka karakana ya kutengeneza baiskeli kama ile kwa wengine. Zama zile za kujitegemea hukukaa kusubiri msaada, ulionyesha kwanza jasho lako. Wazo la kupanda Pugu lilikuwa lake. Angetoka Temeke mpaka juu kilimani kwa baiskeli yake, na wananchi wangeahidi vifaa: huyu mabati, yule mbao, mwingine misumari. Sharti moja: asisukumwe.

"Nikienda mkutanoni," aliniambia, "hakuna anayesema nimekuja. Wanasema nimeletwa. Mie nataka siku moja nifike."

Tuliondoka alfajiri. Nilimfuata kwa miguu nikiwa na spana na pampu. Barabarani watu walishangilia, na Kiwalani wanawake walipiga vigelegele. Kijana mmoja alikuja mbio kutaka kumsukuma, akafukuzwa kwa kicheko: "Ondoa mikono yako, hiyo si gari bovu!" Mabega ya rafiki yangu yalifanya kazi kama pistoni, na mimi nilitembea nyuma kifua mbele, maana minyororo na beringi zote nilizifunga mwenyewe.

Mlima ulipoanza, watu wakaisha. Msitu pande zote mbili, na sisi wawili. Hapo nikaona kosa langu. Gia ya mbele nilikuwa nimeikata kubwa mno, kwa hesabu za barabara tambarare nilizojifunzia Ulaya. Kwenye kona kali baiskeli ikasimama. Ikarudi nyuma kama shubiri moja. Nilimsikia akihema. Juu katibu wa tawi la chama tawala alikuwa anangoja na umati wake, na mimi niliwaza kitu kimoja: watasema mashine yangu imeshindwa.

Nikaweka mkono nyuma ya kiti, nikasukuma.

Hatua ishirini, pengine zaidi. Hakugeuka.

"Toa mkono," alisema.

Nikautoa. Sehemu iliyobaki aliimaliza mwenyewe.

Juu walimpokea kwa ngoma. Katibu akapanda kwenye meza: "Ndugu wananchi, amefika kwa mikono yake mwenyewe!"

"Hapana," akasema rafiki yangu, kwa sauti ya kawaida tu. "Nimesukumwa pale konani."

Ngoma ikanyamaza. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha mama mmoja mtu mzima akacheka kwa huruma. "Mwanangu, hata wazima husukumwa. Jamani, mpeni mabati yake, maskini."

Watu wakapiga makofi. Wakaanza kuahidi upya, zaidi ya mwanzo. Rafiki yangu akainua mkono kukataa, lakini mimi nilikuwa nimeshapanda kwenye meza ninawashukuru kwa niaba ya chama. Nilizungumza vizuri sana siku ile. Nilipomaliza, nilimwona ameshageuza baiskeli, anateremka.

Karakana ilijengwa. Ipo, ina jina zuri mjini, na walemavu wa kutoka Bunju mpaka Mbagala waliokuwa wakitambaa sasa wamekaa kwenye viti nilivyochomelea mimi. Yeye hakukanyaga humo hata mara moja. Baiskeli yake aliirudisha kwa mkokoteni, imefutwa vumbi, na barua fupi ya kujiuzulu uongozi. Kwa miezi mingi nilifungua karakana asubuhi na kuifunga jioni bila mtu wa kunitania.

Mwishowe nikaenda kwake. Alikuwa uani anachonga, makapi ya mpingo yamejaa pajani. Alinikaribisha kwa adabu, mkewe akaniletea chai.

"Nimepunguza gia," nikamwambia. "Tupande tena. Safari hii nakaa huku huku Temeke, sikufuati."

"Kwenda kumwonyesha nani? Wameshanihurumia, mtani. Huruma ya watu haifutiki kwa kupanda mlima mara ya pili."

Akachonga kidogo, akapuliza vumbi, kisha akaweka patasi chini.

"Ila nikuulize, wewe ndiwe fundi. Siku ile, usingeweka mkono, ningefika?"

"Ungefika," nikajibu haraka.

Alinitazama mpaka nikashusha kikombe.

"Hujui," akasema. "Na mie sijui. Nikilala nawaza hilo tu."

Nilitaka kumweleza uzito, mwinuko, idadi ya meno ya gia. Nilivijua vyote kwa kichwa, navijua mpaka leo. Nikavipigia hesabu pale pale juu ya kigoda, mara mbili, na mara zote mbili jibu halikutoka.

Chai ikapoa. Yeye akarudi kwenye kazi yake.