Kilo Nilizozishangilia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Homa Bay, nilifika na cheti cha kidato cha nne, shati la kuazima na chapati mbili za mama, maana nilishaanza kukumbuka nyumbani njiani. Mkubwa wangu, Afisa wa Lishe, mama mrefu asiyecheka ovyo, alinionyesha mizani ya kusimama, ile yenye chuma unachokisukuma mpaka kitulie katikati.

"Kazi yako ni hii. Pima, andika, usibishane na wagonjwa."

Nilidhani nimekabidhiwa serikali.

Miaka ya tisini haijafika katikati, nikahamishiwa zahanati ya Karungu, upande wa Migori. Mimi, mtu asiyeweza kulala kitanda cha wengine, kupewa uhamisho! Nililia kidogo, nikaenda. Afisa alikuja huko mara moja kwa mwezi kuona wagonjwa wa sukari.

Mmoja wao alikuwa Mama Achieng, mjane wa miaka sitini na kitu, muuza samaki mwenye mwili mkubwa. Afisa alitaka apungue, nami nikamweleza kwa sauti ya kidaktari, "Punguza chakula, acha mafuta." Alinitii kuliko nilivyozoea kutiiwa. Kila mwezi kilo zilishuka, nami nikampigia makofi mbele ya foleni.

Mwezi wa nne wa kumpima, nikamwita Afisa. "Madam, kilo kumi na moja!"

Hakutazama kitabu. Alimtazama Mama Achieng, aliyeketi kwenye kigoda. "Mama, hebu simama bila kushika kitu."

Akajaribu. Akajaribu tena. Magoti yakatetemeka, akarudi chini kama gunia.

"Siku hizi beseni langu la samaki linabebwa na mke wa mwanangu," akasema polepole. "Anasema nimwachie biashara, nikae nyumbani. Na soko lote linanong'ona vile nimekonda. Sasa nikikaa nyumbani nitakuwa nani?"

"Unakula nini?"

"Ugali kidogo, sukuma wiki, chai."

"Na samaki?"

"Si huyu daktari wako alisema niache mafuta? Mbuta ukimweka kwa sufuria anajitolea mafuta mwenyewe. Nikaacha samaki wote."

Foleni ikacheka. Nikatafuta mlango kwa macho.

Afisa akamzungushia utepe wa kupimia pajani, akanigeukia. "Bwana Mizani, umeshangilia kilo. Uliziuliza zimetoka wapi?"

Akaeleza kwamba mwili ukinyimwa chakula hauchomi mafuta peke yake. Hula pia misuli, nyama inayotusimamisha, hasa ukikosa protini, yaani chakula cha kujenga mwili kama samaki, maharagwe na mayai. Nilishika mkono wangu kwa hofu. Kumbe ndani ya mtu kuna jiko linaloweza kuchoma nguzo za nyumba, na mwenye nyumba anapigiwa makofi!

Samaki akarudi, wa kuchemsha, na ugali ukabaki kidogo. Kisha mazoezi: kusimama na kuketi kigodani, kwanza akishika meza, baadaye aiachie. Mimi nikapewa kazi ya kuhesabu.

"Daktari, unahesabu umekaa?" Mama Achieng akaniuliza.

Nikasimama. Tukafanya pamoja, na aliyelalamika zaidi hakuwa yeye.

Miezi ikapita, mizani ikagoma kabisa kushuka. Nikakata tamaa, mpaka Afisa alipotoa utepe: paja limeongezeka upana wa kidole. Nilipima mara tatu, nikidhani utepe umelegea.

Asubuhi moja Mama Achieng akaingia na beseni la samaki aina ya ngege kichwani. Akalitua mwenyewe. Akaketi, akakunja mikono kifuani, akainuka kama mtu aliyeitwa jina.

"Nimemwambia yule mke wa mwanangu atafute beseni lake," akasema.

Sasa nimestaafu, na kunitoa nyumbani ni shughuli. Vijana mnaojikondesha kwa chai tupu hunijia na kilo zenu mkitaka sifa. Mtanisamehe, nitawauliza kwanza mmekula nini. Nimepima watu maisha yangu yote, na bado sielewi nyama ile ilijuaje njia ya kurudi pajani mwa mwanamke wa umri ule, baada ya mimi mwenyewe kuifukuza.