Wino wa Rangi ya Ngozi

Kliniki nzima ilimwita Cherehani, maana tangu alipoanza kazi ya kufuta tatuu hakuna aliyewahi kumwona amekaa kitako. Mteja hajalala vizuri kitandani, yeye ameshavaa miwani ya kinga, mguu uko kwenye pedali ya mashine ya leza na mdomo haufungi. Wino mweusi humeza mwanga wa kila rangi, ndiyo maana huvunjika upesi. Mwekundu hutaka mwanga wa kijani. Wa kijani hutaka mwanga mwekundu, na hata ukiupata bado hugoma. Mwanga huupasua wino vipande vidogo, kisha mwili wenyewe huvizoa taratibu.

Kitu kimoja tu kilimtia adabu: wino wa rangi ya ngozi. Una unga mweupe ndani yake, na unga huo ukipigwa mwanga unaweza kugeuka mweusi. Hujaribiwa nukta moja kwanza, halafu mnasubiri. Wenzake aliwaimbia hilo mpaka wakamchoka.

Siku hiyo aliingia mdogo wake, kitinda mimba wa kwao. Mkononi alikuwa na jina la mpenzi wa zamani, ambalo mchoraji alikuwa amelifuatisha kwa wino wa rangi ya ngozi, herufi kwa herufi, ili lifichike. Halikufichika sawasawa. Mchumba wake, aliyekuwa amekaa pale nje, aliambiwa ni alama ya kuungua na pasi.

"Dada, fanya chapuchapu. Nimemwambia nimekuja kukusalimia."

"We mtoto, uongo wako utanitoa roho!"

Roho yenyewe ilikuwa juu. Alitaka aibu ya mdogo wake iishe, iishe sasa hivi. Ile nukta ya kujaribia akairuka, akakanyaga pedali.

Weupe unaoitokea ngozi ikipigwa leza ulipotulia, jina lote likajitokeza, jeusi tii.

"Dada! Umefanya nini?"

"Nimekosea. Nimekosea mimi." Cherehani alizunguka chumba, akafungua droo hii, akafunga ile. "Huu mweusi nitauvunja, ila itachukua miezi. Lete mkono nikufunge bandeji, atajua ni kidonda tu."

Mlango ukagongwa. "Jamani, mko salama humo?" Alikuwa mchumba.

Cherehani alinyoosha bandeji. Mdogo wake akalitazama jina, kisha akaurudisha mkono wake nyuma.

"Kaa chini, dada. Miezi yote hiyo utanifunga bandeji ngapi?"

Cherehani akakaa. Mdogo wake akashusha pumzi, akaenda kufungua mlango, mkono wazi, bila bandeji.