Nyanya Zilizonyimwa Maji

Saa mbili asubuhi, dalali wa soko anabandua mbao za kreti la kwanza huku uso ameugeuza pembeni. Mbele yake amesimama mkulima wa nyanya, mjane, mikono kifuani. Midomo yake inacheza. Anasali.

Hapa sokoni wamembandika jina: Mama Mchuruziko. Misimu miwili mfululizo nyanya zake zilifika zikivuja, na dalali akamwonya kuwa zikioza tena, asirudi. Mnunuzi mwingine hana, na watoto wanamtegemea yeye.

"Nilikuwa nazimwagilia mpaka siku ya kuchuma," anaeleza. "Nikiziona zimejaa, namshukuru Mungu. Kumbe ngozi imevutika, safari haiiwezi."

Msimu huu alipunguza mbolea ya kukuzia, akatandaza nyasi kavu kwenye mashina ili unyevu usiyumbe. Nyanya zilipoanza kugeuka rangi, akabana maji.

Wifi yake, anayeishi naye, yalimshinda. "Wifi, shamba linakufa kiu, nawe umekaa unaliangalia tu!" Akabeba ndoo, akaunywesha kimyakimya mstari ulio karibu na jiko.

Mkulima alipoona udongo umelowa, hakugomba. Umande ulipokauka alichuma, mstari ule akautilia kreti lake peke yake. Makreti yote mawili yakakaa kwa dalali mpaka gulio la leo.

La kwanza linafunguka. Nyanya zimepasuka, maji yanatiririka mezani.

"Mama Mchuruziko, si nilikwambia?"

"Fungua na la pili, baba."

Humo nyanya zimekaa nyekundu, ngumu, zinang'aa. Dalali anabonyeza moja kwa kidole gumba. Anabonyeza nyingine. Anainama mpaka chini ya kreti, anaibuka mkono mkavu.

"Mbegu nyingine hii?"

"Mbegu ileile, shamba lilelile. Za kreti la kwanza alizinywesha wifi yangu."

Wifi, aliyefuatana naye sokoni, anajifunika uso. "Jamani, kumbe huruma yangu ndiyo iliyooza!"

Meza za jirani zinaangua kicheko. Dalali mwenyewe anawapigia kelele wapagazi: "Za mama huyu ziwekwe mbele! Na gulio lijalo nataka zake kwanza."

"Ahsante, Mola wangu," mjane anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaketi.

Mungu akijalia, msimu ujao atalima na kipande cha juu. Mwangalizi wa maji ameshampata: wifi yake.

"Kwa huruma ile, miche haitakauka," anasema. "Ila nyanya zikianza kuiva, ndoo nitalala nayo mimi."