Herufi Nyembamba za Kijitabu cha Mama

Mama alipofariki, kaka yangu alijitolea kushughulikia kijitabu cha mazishi. Nilianza kushuku hapo hapo, kwa sababu kaka hujitolea pale tu atakapoonekana.

Siku ya kuidhinisha tulikutana kwenye duka la uchapishaji mjini Nakuru. Msichana wa kompyuta akatufungulia jalada. Jina la mama lilikuwa limeandikwa kwa herufi za aina ninayoiona kwenye chupa za manukato na magazeti ya fasheni: nguzo nene zilizosimama wima, mistari ya kukatiza myembamba kama unywele, na vijiguu vyenye ncha kila mwisho. Zilikuwa nzuri, sikatai. Lakini mama, aliyelima viazi Dundori maisha yake yote, alionekana kama mwenye hoteli.

"Hii ndiyo fonti ya watu wa maana," kaka alisema.

"Na ndani?"

"Ndani pia. Lazima zifanane."

Ndani ndiko kulikokuwa na wasifu, na wasifu kwetu husomwa kaburini na mtu aliyemjua marehemu kwa muda mrefu zaidi. Huyo alikuwa anti, mdogo wa mama. Kaka alikuwa ameomba nafasi hiyo apewe yeye, anti akakataa kumwachia. Sasa nikaitazama ile mistari myembamba na kujiuliza kama macho ya anti yangeiona.

Jalada lingechapwa kwa rangi kwenye karatasi ya kung'aa, lakini kurasa za ndani zingetolewa fotokopi. Nikaomba tujaribu moja. Mashine ikala nywele zote. H ikabaki milingoti miwili.

"Wino umeisha kidogo, boss," msichana alisema, akikwepa macho ya kaka.

Nikapanda na ile fotokopi Dundori mchana huo. Anti aliishika mlangoni penye mwanga, akaisogeza mbali, akairudisha karibu.

"Hii ni fensi," akasema. "Nguzo ziko, waya zimeibiwa."

Nikampigia kaka simu kumweleza, anti akisikiliza.

"Basi nitasoma mimi," kaka akajibu, haraka mno.

"Nani amekwambia siwezi kusoma?" anti akamuuliza. "Nimesema haisomeki. Andikeni kama Biblia yangu."

Ndani kukaandikwa kwa herufi nene za kawaida. Jalada likabaki la manukato.

Jumamosi, kaburini, anti alisoma wasifu wote, polepole, hadi kwenye majina ya wajukuu. Kaka alisimama nyuma yake. Kutoka mfuko wa koti lake ilichungulia karatasi ya kung'aa iliyokunjwa, nami nikazitambua zile herufi. Ulikuwa wasifu uleule wa kwanza, umechapwa vizuri, kila unywele mahali pake, kwa ajili ya msomaji mmoja.

Anti akafunga kijitabu, akavua miwani, akageuka.

"Na hiyo ya mfukoni ni ya nini?"

"Ni kumbukumbu tu, anti."

"Isukume ndani basi. Mvua inakuja."