Mama Vipimo na Ghorofa Iliyozidi

Ungemwona Mama Vipimo akipita mtaa wa zamani, tepu kiunoni, penseli imechomekwa kwenye nywele, ungedhani anatafuta kitu alichodondosha. Anatazama vizingiti, anatazama mabomba ya mvua, anasimama katikati ya njia mpaka mwenye baiskeli apige kelele, "Mama, barabara si yako!" Naye anajibu, "Wala si yako, baba. Ni ya hizi nyumba, sisi tumepanga tu."

Alikuwa binti wa mwashi. Shule aliiachia njiani, lakini ukuta aliusoma kama wengine wasomavyo gazeti. Ofisi ya mji ilimpa kazi moja: mtu akitaka kujenga kwenye kiwanja kilichobaki wazi katikati ya nyumba za kale, yeye aende kupima, kisha aandike jengo hilo litaufanyia nini mtaa. Na usimdhanie mtu wa kukataa kila kitu. Viwanja vitupu vilimuuma. "Pengo ni pengo," alikuwa akisema, "hata likiwa kinywani mwa mzee mwenye heshima zake."

Basi siku moja tajiri mmoja akanunua kiwanja ambacho nyumba yake ilianguka zamani, kikabaki na magugu na makopo. Alitaka ghorofa nne. Mchoro ulipendeza: paa la jengo jipya limelingana na mapaa ya majirani, kama lililochorwa kwa rula moja.

Ng'ambo ya mtaa, juu, kulikuwa na chumba cha fundi cherehani. Fundi huyo alikuwa wifi yake Mama Vipimo, mke wa kaka yake. Alitia nakshi kwa uzi mwembamba, na alitegemea jua la asubuhi la dirishani. Taa ya umeme ilimchanganyia rangi. Jua likizibwa, itambidi ahame chumba alichoshonea miaka ishirini na miwili.

"Wifi," alimwambia, "hilo jengo litanitia gizani."

"Mchoro unasema halitakugusa."

"Mchoro unashona?"

Mama Vipimo alicheka, lakini hakulala vizuri. Asubuhi akaingia kwa mkuu wake.

"Nataka kwenda kupima upya."

"Mchoro uko sawa," mkuu alisema. "Ni wewe unayetaka kupima, au ni wifi yako?"

Neno lile lilimchoma, maana nusu yake ilikuwa kweli. Akajua kwamba lolote atakaloandika litaitwa la kifamilia. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa. Wifi yangu asishike hata uzi. Nipe msanifu wa tajiri mwenyewe, anishikie upande wa pili."

Msanifu akaja, mtu mzima mwenye viatu vinavyong'aa. Mama Vipimo akampa ncha ya mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule waashi wanaoutumia kujua wapi ni sawa na wapi si sawa.

"Mama, siku hizi kuna mitambo."

"Ipo, baba. Lakini maji hayana wifi. Shika."

Wakaanzia mtaa wa mbele, wakashuka kichochoro chenye ngazi hadi mtaa wa nyuma. Kila ngazi kadhaa maji yanatulia, wanapiga alama ya chaki ukutani, wanashuka tena. Walipofika chini Mama Vipimo akajumlisha: mita tatu. Mtaa wa nyuma ulikuwa chini ya ule wa mbele kwa mita tatu kamili.

"Nyumba za jirani uliandika zina urefu gani?" aliuliza.

"Mita kumi na mbili. Nilizitoa kwenye faili la zamani."

"Na aliyeandika faili alisimama wapi?"

Msanifu akatazama nyumba zile kutoka nyuma, akahesabu madirisha. Zilikuwa zimepimwa kutoka nyuma, na jengo lake yeye amelipima kutoka mbele. Kwenye karatasi yalilingana. Mtaani jengo jipya lingezidi ghorofa nzima.

"Lo!" alisema. "Nimejidanganya mwenyewe."

"Heri ujidanganye kwenye karatasi. Zege halifutiki."

Siku ya kikao cha kupitisha mchoro, Mama Vipimo aliwatoa wakubwa wa ofisi ya mji nje. Mafundi walikuwa wamesimamisha nguzo kiwanjani na turubai kubwa la kupandisha kwa kamba. Tajiri akapandishwa chumbani kwa fundi cherehani, wakubwa na msanifu nyuma yake, saa nne asubuhi, akapewa sindano.

Turubai likapandishwa mita tisa, usawa wa mapaa ya majirani. Jua likafika mezani. Tajiri akapitisha uzi mara moja, akajisifu.

"Pandisha hadi kumi na mbili!" Mama Vipimo aliita kutoka dirishani.

Meza ikaingia kivulini. Tajiri akalamba uzi, akakosa. Akafuta miwani, akakosa tena.

"Bwana mkubwa," fundi akamwambia, "nikupishe kiti, au nikutafutie mjukuu?"

Chumba kizima kikacheka, na tajiri akacheka nao. Kisha akakunja uso. "Sasa ghorofa yangu ya nne ndiyo imekufa?"

"Haijafa, imekosea njia tu," Mama Vipimo alisema. "Unayoipoteza juu ichukue chini. Nyuma una mita tatu ambazo hukuziona. Chimba, ufungue maduka yatazame mtaa wa nyuma. Mbele utabaki na ghorofa tatu, sawa na jirani zako."

Tajiri alimgeukia msanifu. Msanifu alikuwa ameshatoa penseli, anachora.

Likajengwa hivyo. Asubuhi ya kuondoa mbao za mwisho watu walijaa njiani, wakatazama paa jipya likiungana na yale ya kale bila kuruka. Pengo limezibwa, na jua limefika mezani kwa fundi kabla hajamaliza chai. Alichungulia dirishani, akapiga vigelegele mpaka mafundi wa juu wakaitikia kwa nyundo.

Mkuu naye alikuwepo. Mbele ya watu wote alitangaza kwamba kuanzia siku ile hakuna mchoro wa mtaa wa zamani utakaopokelewa kabla Mama Vipimo hajapima.

"Na ukiwa na wifi mtaa huo?" mmoja akatania.

"Nina mawifi sita," Mama Vipimo alisema, "na kila mmoja ana dirisha lake. Leteni michoro."