Besi Mbili za Marehemu Baba

Mwenzangu, sogea karibu, maana hili silisemi kwa sauti. Wanawake wa darsa letu hapa Bagamoyo wananijua mimi ni mtu wa swala tano na mtu wa amana. Wakisafiri wananiachia funguo za nyumba zao. Basi wewe ujue kwamba mtu huyohuyo alimdhulumu mdogo wake kitu cha marehemu baba yao, mchana kweupe, kwa kufunga mkanda tu.

Baba alikuwa mpiga besi. Ujanani alipiga dansi, utu uzimani akapiga taarabu kwenye maharusi, halafu akaacha jukwaa akabaki na msikiti na gitaa lake nyumbani. Besi unaijua, lile gitaa la nyuzi nne nene, linalotoa mngurumo wa chini unaousikia kifuani kuliko masikioni. Yake ilikuwa ya zamani, rangi ya asali katikati, nyeusi pembeni. Mkanda wa kuivalia alishonewa na marehemu mama kwa turubai la kijani.

Baadaye mwanafunzi wake mmoja aliyehamia Ulaya akamtumia besi nyingine. Ni mpya, lakini imetengenezwa kwa mtindo wa zamani: umbo lilelile, rangi ileile, hata rangi yake imechubuliwa hukohuko kiwandani, pale mkono wa mpigaji unapoegemea. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, Wazungu wamechoka na vipya. Siku hizi wananunua uchakavu."

Haukupita mwaka akapata kiharusi, mkono wa kushoto ukafa. Nikahamia kwake na wanangu kumuuguza. Siku moja nikamkuta amepakata besi, mkono mmoja unapiga nyuzi, mwingine umelala pajani kama si wake. Nikaketi kushotoni kwake nikabonyeza nyuzi mimi. Tangu hapo ikawa kila baada ya Alasiri tunapiga besi moja watu wawili.

"Panda. Shuka. Hapo tulia. Usikimbie mwanangu, besi haina pa kuwahi."

Jirani yetu akipita uani anachokoza, "Haya bi swala tano, leo harusi ya nani?"

"Yako," baba anamjibu, "ukipata mchumba."

Tulizijaribu zote mbili, leo hii, kesho ile. Mpya ilikuwa na sauti kali, inalia kama sinia lililoanguka sakafuni, na mlio haukatiki upesi. Ya zamani ilisema dum, ikanyamaza, ikakuachia nafasi ya kuvuta pumzi. Nyuzi zake hazikubadilishwa tangu sijaolewa, zilikuwa laini kama utepe. Kwa macho nilizichanganya mara nyingi. Baba akanifundisha.

"Usiangalie mbele. Mbele kila mtu anaweza kuchubua. Pitisha kiganja nyuma ya shingo."

Nyuma ya shingo ya ile ya zamani mbao ilikuwa imelainika, na pale kilipokaa kidole gumba chake miaka yote palibonyea kidogo. Kidole changu kilikaa hapohapo. Ile mpya nyuma iling'aa kama sahani.

Baba alipofariki tukangoja arobaini ipite, ndipo tukae kugawa mirathi. Mdogo wangu anaishi Lugoba, anauza vipuri vya malori. Baba mdogo alinidokeza mapema kwamba mdogo wangu atataka besi ya mzee. Asubuhi ile, kabla hajafika, niliingia chumbani, nikafungua mkanda wa turubai kwenye besi ya zamani, nikaufunga kwenye mpya. Nilisema Bismillahi, kwa mazoea tu, na mpaka leo Bismillahi ile inanichoma kuliko mkanda wenyewe.

Akafika. "Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Baba mdogo akamuuliza anataka nini. Akasema, "Nyumba, sehemu yangu namwachia dada, ndiye aliyemuuguza mzee. Mimi nipeni besi yake. Nikiiona namwona yeye."

"Mbona ziko mbili? Ya mzee ni ipi?"

"Hii hapa, baba mdogo. Si unaona mkanda wa mama?" Akaishika, anacheka, macho yamejaa machozi. Akanigeukia. "Si ndiyo, dada?"

Nikasema, "Chai inapoa."

Wiki ile niliipiga besi ya zamani peke yangu baada ya Alasiri. Kulia kwangu hapakuwa na mtu. Nikaiweka juu ya kabati, nikaifunika shuka.

Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, namalizia kidato cha nne ukubwani. Mwalimu akatupa insha: kitu nilichorithi. Wenzangu wakajaza kurasa. Mimi nilirudisha karatasi yenye kichwa cha habari tu, nikasema kichwa kinaniuma.

Sikukuu ikanikuta Lugoba. Mdogo wangu ameitundika besi sebuleni, anaifuta vumbi kila siku kwa mkono wake. Akawaita watoto wake. "Shangazi yenu ndiye anayemjua babu vizuri. Njooni muone." Akashika mkono wa kitinda mimba wake wa kike, akauweka pale palipochubuliwa kiwandani. "Hapa ndipo mkono wa babu ulipokaa miaka yote."

Mtoto akapapasa. Mimi nikasema nakwenda kutawadha. Nikaswali, na sikujua nimeswali rakaa ngapi. Haki ya Mungu, Mungu husamehe. Haki ya mja inamngoja mja mwenyewe. Hilo nimelijua tangu chuo cha Kurani, nikiwa mtoto.

Jumamosi iliyofuata niliifunga besi ya zamani kwa kanga, nikapanda gari nikarudi Lugoba. Salamu zilipokwisha nikamwambia, "Pitisha kiganja nyuma ya shingo." Akapitisha. "Sasa ile yako." Akaiteremsha ukutani, akapitisha. Akarudia ya kwanza. Kidole gumba chake kikabaki palepale palipobonyea.

"Na mkanda, dada?"

"Niliufunga mimi."

"Mimi nilikugombania? Ungesema tu unaitaka, ningekuachia pamoja na mkanda wake."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingefanya." Akajifuta uso. "Radhi nimekupa, sitaki kesho akhera nikudai. Ila watoto utawaambia mwenyewe."

Akawaita. Nikawaambia. Kitinda mimba akaweka mkono pale alipozoea. "Kwa hiyo hapa alikaa nani?"

"Mashine, mwanangu."

"Mashine ina mkono?"

Mdogo wangu akafungua mkanda wa turubai taratibu, akaufunga kwenye besi ya baba, akaitundika. Mimi nikaifunga ile mpya kwa kanga ileile, nikarudi nayo Bagamoyo.

Naipiga sasa, siku moja moja. Bado inalia kama sinia.

Zamani mdogo wangu alinipigia simu kila Ijumaa baada ya swala, tunaongea mpaka salio linakata. Siku hizi ananiandikia ujumbe: Salama dada? Najibu salama. Kusamehe amesamehe, na mimi simdai zaidi ya hapo. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya, akajibu, andika, usitaje jina la mtu.

Basi ukishasoma, mwenzangu, usilifiche hili kama nilivyoificha ile besi kwenye shuka. Mpe jirani, mpe ndugu yako. Na kama unaijua nyumba inayongoja arobaini, wasomee kabla hawajakaa kugawana.